Nyuki Wasiohama

Mzee Lazare alipoanguka kwenye ngazi za stesheni ya Quakers Hill akavunjika nyonga, neno la kwanza alilowaambia watu wa ambulensi halikuwa jina lake. Aliwaambia ana nyuki. Binti yake Mélanie ndiye aliyenisimulia hayo, huku akitikisa kichwa, nami sikushangaa. Nyumba ya mzee huyo na yetu zinatenganishwa na ua wa mbao tu, na kila asubuhi humwona akitoka na kikombe cha chai na kusimama mbele ya mizinga yake mitatu kabla hajasalimia mtu.

Yeye ni Mrundi. Alikaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Sydney, na hukohuko kambini ndiko alikomzika mkewe. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Nilikuja huku kukaa na mwanangu Mutua na mkewe Jacky, ambaye ni muuguzi, niwasaidie na watoto. Kirundi mimi sikijui, na Kikamba yeye hakijui, kwa hiyo tunaongea Kiswahili: chake kina Kifaransa ndani, changu ni kile cha sokoni Mwingi. Tunaelewana kuliko watu wengi waliozaliwa na lugha moja.

Baada ya upasuaji Jacky alinipeleka kumwona. Alikuwa amelala chali, uso umemsinyaa, lakini aliponiona alijaribu kuinuka.

"Mama Mutua, utaniangalizia nyuki zangu?"

"Nitawaangalia."

"Maji tu. Na majani isizibe mlango."

"Nimekuambia nitawaangalia, Mzee. Lala."

"Nitarudi haraka. Hii mguu ni kitu kidogo."

Haikuwa kitu kidogo. Siku zilizofuata wauguzi walimwomba asimame, akakataa. Alisema maumivu yanamfikia hadi kwenye meno. Akageukia ukutani, chakula akakiacha kikapoa. Ni Mélanie aliyepata dawa. Alimwinamia akamwambia, "Baba, nyuki wako wanakungoja," na mzee akashusha mguu mmoja sakafuni, kisha wa pili. Tangu hapo kila hatua aliyopiga katika wadi ile ilikuwa ya kuwaendea nyuki. Leo hadi mlangoni, kesho hadi kwenye meza ya wauguzi. Daktari alikuwa amesema hatarudi nyumbani mpaka aweze kupanda ngazi na kushuka mwenyewe.

Mélanie alinivuta pembeni kwenye korido. Ni msichana mzuri, anafanya kazi ya kutunza wazee wa watu wengine usiku na wa kwake mchana, na macho yake siku ile yalikuwa mekundu.

"Mama, ukija kumwona mwambie wapo salama. Usimwambie kitu kingine juu ya nyuki. Wazee wengi wakivunjika hapa huishia kitandani, nawaona kazini kila siku. Baba akikata tamaa sasa, hainuki tena."

"Na kama hawako salama?"

"Watakosaje kuwa salama? Ni nyuki."

Basi nikaanza kuwaangalia. Watoto wakishaenda shule nilipita kwenye kilango kilicho katika ua na kuingia kwa Mzee Lazare. Niligundua kwamba mtu fulani alikuwa akilitoa pipa lake la taka hadi barabarani na kulirudisha, ingawa ndani ya nyumba hamkuwa na mtu. Nikaja kujua ni Clifford, yule Mzungu mrefu wa ng'ambo ya barabara ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya habari ya asubuhi. Nilimpelekea chapati, naye akanipa ndimu kutoka kwenye mti wake.

Mizinga ni masanduku ya mbao yaliyokaa juu ya matofali. Mmoja umepakwa rangi ya bluu, mmoja kijani, na ule ulio karibu na ua ni mweupe. Niliwawekea maji kwenye beseni, nikatia kokoto ndani ili nyuki wapate pa kutua wasizame. Niling'oa majani mlangoni. Ulikuwa mwezi wa nane, baridi ya huku inapoelekea kuisha: asubuhi nyasi zina umande mweupe, ila kufikia saa nne jua limewaka, na hapo nyuki walianza kutoka.

Kule nyuma ya nyumba kuna kijito, na kando ya kijito miti ya miwati ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, njano tupu. Nyuki walikwenda huko wakarudi na vifurushi vya njano miguuni, vikubwa hata wengine walianguka kwenye nyasi kabla ya kufika mlangoni, wakapumzika, wakaruka tena. Ningeweza kukaa pale asubuhi nzima. Kila Jumapili nilikuwa nikienda hospitali kwa Lazare namwambia, "Wanabeba njano, Mzee," naye anacheka na kumwambia muuguzi amsimamishe.

Ni lazima nieleze kwa nini sikuwa na wasiwasi. Kwetu Kitui mizinga ni magogo yaliyotobolewa, yananing'inizwa juu ya miti. Nyuki wa kwetu hawabembelezwi. Kiangazi kikikaza, maua yakikosekana, siku moja unaona mzinga umebaki tupu. Nyuki wamehama. Wamekwenda kunakonyesha, na mvua ikija kwetu watarudi wao au watakuja wengine. Hakuna mtu anayewapa nyuki chakula, angechekwa na kijiji kizima. Kwa hiyo sisi tunajua jambo moja: nyuki akiwa na njaa utamjua kwa sababu hayupo. Na hawa wa Mzee Lazare walikuwapo. Kila asubuhi walikuwapo, tena na mizigo.

Kisha ikaja mvua. Ilinyesha mfululizo, mvua ya baridi yenye upepo, ikaloweka uwanja mpaka miguu ikazama. Nyuki hawakutoka. Nilikwenda na mwavuli, nikasimama, nikarudi. Siku ya tatu au ya nne niliona nyuki waliokufa mbele ya mzinga mweupe, wengi, wamelowa, wamegandana kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nilisema labda ni wazee wao wametolewa nje. Nyuki hutoa maiti zao.

Lakini nilipoinama nikaweka sikio kwenye mbao na kugonga kwa kidole, kama nilivyomwona mzee akifanya, mzinga wa bluu ulivuma ukanyamaza. Huo ulikuwa umenijibu. Wa kijani ulitoa sauti nyembamba iliyokwenda na kwenda, kama majani makavu yanayosukumwa na upepo. Nikagonga mweupe. Nikagonga tena. Nilisikia mvua kwenye mwavuli wangu tu.

Mutua aliporudi kutoka kazini Wetherill Park, ambako anaendesha mashine za kunyanyua mizigo ghalani, sikumwacha avue viatu.

"Njoo usikilize nyuki."

"Mum, nimechoka. Nyuki wanasema nini?"

"Ndiyo shida. Mmoja hasemi."

Alikuja akilalamika njia nzima kuhusu matope. Aligonga masanduku yote matatu, akanitazama, akagonga tena.

"Nyuki wakikosa chakula wanahama," alisema. "Kwani mimi ndiye wa kukufundisha hivyo?"

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wamehama lini. Sijaona kundi likiondoka."

"Basi wapo."

"Wapo, lakini hawasemi. Nyanyua hapo nyuma uone uzito."

Mutua aliingiza vidole chini ya mzinga mweupe, akauinua kidogo tu, na uso wake ukabadilika. Akaenda kwenye ule wa kijani akafanya vivyo hivyo.

"Mwepesi," alisema. "Kama sanduku la viatu."

Tulisimama pale tukilowa. Kifuniko kilikuwa mbele yetu, kimewekewa tofali tu. Mtoto mdogo angeweza kukifungua. Nilimwona Mutua akilitazama tofali lile kisha akirudisha mikono mfukoni.

"Mzinga wa mtu, Mum."

"Najua."

"Babu angetoka kaburini anifuate hadi huku."

Alikuwa anatania, lakini hakucheka, nami sikucheka. Kwetu kila mzinga una alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma, na ukiiona alama isiyo yako unapita. Hata kama mwenyewe amesafiri, hata kama asali inachuruzika chini. Mtu akipatikana amefungua mzinga wa mwingine bila ruhusa, analipa ng'ombe, na akishalipa bado haalikwi kwenye pombe ya watu. Baba mkwe wangu hakuwahi kumpa mkono mtu wa namna hiyo. Na mimi ni mwanamke. Kazi yangu ilikuwa kusubiri chini ya mti na kibuyu.

"Alisema niwaangalie," nilimwambia Mutua. "Hakusema nifungue."

"Basi mpigie simu umwombe."

"Nimwambie nini? Mzee, nyuki wako wanakufa, shikilia kitanda vizuri?"

Usiku huo Jacky alinitengenezea uji bila kuombwa, akakaa nami hadi nikaumaliza. Hakuniuliza kitu. Nilimweleza mwenyewe. Akasema, "Mama, mimi kwenye wadi nimeona watu wakifichwa mambo yao. Huwa wanajua. Wanachokosa ni nafasi ya kusaidia." Nilikwenda kulala na neno hilo.

Asubuhi Mutua alinipeleka hospitali kabla ya shifti yake ya mchana. Mvua ilikuwa imekatika na jua linajaribu. Mélanie tulimkuta nje ya wadi, ananunua kahawa kwenye mashine, bado amevaa sare ya kazi ya usiku.

"Nataka kumwambia baba yako ukweli," nilisema. "Mzinga mmoja nadhani umekufa. Wa pili unaufuata. Siwezi kuufungua bila yeye."

Aliweka kahawa chini polepole.

"Jana amefika dirishani, Mama. Kule mwisho. Amefika mwenyewe."

"Nimesikia, na nimefurahi."

"Sasa unataka umrudishe kitandani. Fungua tu. Nakuruhusu mimi. Mimi ni mtoto wake."

"Mzinga ni wako?"

"Si wangu, lakini..."

"Basi huwezi kuniruhusu, binti yangu."

Mutua alijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Mélanie alinikazia macho, nikadhani atanikasirikia kweli, na ningemwelewa. Mtu aliyekesha akigeuza wagonjwa ana haki ya kukasirika. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, "Wakifa wote, na yeye akajua tulinyamaza," akakatiza hapo. Akafungua mlango wa wadi akaushikilia nipite.

Mzee Lazare alikuwa amekaa kwenye kiti, blanketi magotini, amenyolewa ndevu vizuri. Kuna muuguzi mmoja Mfilipino anayemnyoa kila asubuhi ingawa si kazi yake. Aliniona, akatabasamu, kisha akamwona Mutua nyuma yangu na tabasamu likasita.

"Leo si Jumapili," alisema.

"Si Jumapili, Mzee. Nimekuja kwa ajili ya nyuki."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa nitapunguza maneno. Vifurushi vya njano, mvua, maiti za nje, uzito, sauti. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa inakunja ncha ya blanketi na kuikunjua.

"Nyeupe haina sauti kabisa?"

"Kabisa."

"Na ya kijani?"

"Kama majani makavu."

"Hiyo ni njaa. Hiyo ni sauti ya njaa." Alifumba macho. "Ulifungua?"

"Sikufungua. Ni mzinga wa mtu."

Akafumbua macho akanitazama kwa muda, kisha akatoa kicheko kifupi kilichomuumiza nyonga, akashika mguu.

"Mama Mutua, na wewe ulikuwa unangoja zihame?"

"Nyuki mwenye njaa anahama."

"Kwenu. Kwetu pia. Kule kambini, pia. Hizi za huku hazihami. Bon, hazijui hiyo kitu. Zinakaa nyumbani zinakufa nyumbani, chakula ikiisha, hata kama kesho maua yanafunguka. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipoteza zote, nimekaa kwenye kiti nangoja niziage."

"Lakini walikuwa wanabeba," Mutua alisema. "Mum ameona njano."

"Ule mti unatoa unga, hautoi asali. Malkia anaona unga unaingia, anasema njaa imekwisha, anaanza kuzaa. Watoto wamejaa nyumba na chungu hakina kitu. Halafu mvua." Alinigeukia. "Nilifikiri nitakuwa nyumbani kabla ule mti haujachanua. Lakini mbona hukuniuliza? Kila Jumapili unaniambia njano, njano."

"Niliogopa kukusumbua, Mzee."

"Si yeye," Mélanie alisema kutoka mlangoni. "Ni mimi nilimkataza, Baba. Nilimwambia akuambie wapo salama."

Mzee Lazare alimgeukia. Alinyoosha mkono, na Mélanie alipofika akamshika vidole, akavitikisa kidogo kama mtu anayetikisa kengele ndogo.

"Wewe umeona wazee wengi sana," alimwambia. "Utaanza kufikiri sisi wote ni mmoja."

Halafu akaniambia, "Fungua. Leo, jua likiwepo. Kesho hakuna kitu."

"Sema vizuri," nilimwambia.

"Nimesema fungua."

"Sema mbele ya mtoto wako na mbele ya mtoto wangu. Mizinga ni yako, na mimi, mama yake Mutua, umenipa ruhusa niifungue."

Mutua alikohoa. Mzee Lazare alinitazama kuona kama natania, akaona sitanii. Akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta blanketi, akasema jina lake lote, Bigirimana Lazare, na kwamba mizinga ile mitatu ni yake, na kwamba amempa Mama Mutua ruhusa kuifungua na kufanya atakaloona linafaa mpaka arudi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakuelewa hata neno moja, alizima televisheni yake kwa heshima.

"Imetosha?" mzee aliuliza.

"Imetosha."

"Sasa sikia. Sukari nyeupe. Ile ya kahawia inawaharibu matumbo. Na asali ya dukani msithubutu, inaweza kuwa na ugonjwa wa nyuki wengine. Maji vuguvugu na sukari, nusu kwa nusu, unapuliza kama umande, si kumwaga. Halafu sukari kavu juu ya gazeti, ilowane kidogo. Kofia yangu ya wavu iko nyuma ya mlango wa jikoni."

Kwenye njia ya kurudi Mutua alisimama dukani akatoka amekumbatia sukari kama mtu aliyebeba mtoto. Nilimuuliza kama ni nyeupe, akasema hata yeye ana masikio. Chupa ya kupulizia nilimwomba Clifford, ambaye huitumia kupulizia mawaridi yake. Niliogopa kwamba ina dawa ndani, nikajaribu kumwuliza kwa ishara. Akaelewa, akarudi ndani, akanitolea mpya ambayo haijatumika, bado ina karatasi ya duka. Kisha akauliza kama tunahitaji mtu wa kunyanyua. Nikamwambia la, asante, kwa sababu ruhusa haikumtaja.

Kofia ya wavu nilivaa mimi. Mutua alijifunga shuka la kitanda kichwani na kuvaa glavu za waridi za kuoshea vyombo.

"Usinipige picha," alisema.

"Nani ana muda wa picha? Shika huku."

Tulianza na wa kijani. Mutua aliondoa tofali, nami nikaweka mikono yangu miwili juu ya kifuniko. Nikasema jina la Mzee Lazare kwa sauti, ili kama kuna anayesikia ajue nimetumwa. Kisha nikainua.

Ndani kuna fremu zimesimama kama vitabu. Zile za pembeni zilikuwa tupu na safi, nta imekauka, hata tone la asali halikuwamo. Katikati, baina ya fremu mbili, walikuwepo nyuki wamegandamana donge dogo, kama ngumi ya mtoto. Hawakuruka. Hawakusogea. Wengine walikuwa wameingiza vichwa ndani ya vishimo vya nta, migongo tu ndiyo inayoonekana, wamekufa wakilamba chini kabisa.

"Wamekufa, Mum," Mutua alisema.

"Ngoja."

Nilipuliza. Maji ya sukari yaliwaangukia kama umande, yakang'aa kwenye mabawa yao. Hakuna kilichotokea. Nilipuliza tena kidogo, nikamwambia Mutua asimame upande wa upepo, asimame na shuka lake lote, nalo jua lilikuwa limefika pale tulipo. Nimelea watoto sita na wajukuu, nimekaa na ndama wengi waliozaliwa bila pumzi. Nimejifunza kwamba kuna wakati mikono haina la kufanya na bado haifai kuondoka.

Mutua ndiye aliyeona kwanza. Alinionyesha kwa kidole cha waridi. Nyuki mmoja juu ya donge alikuwa amenyoosha mguu. Aliurudisha. Kisha akatoa ulimi, uzi mwekundu mwembamba kabisa, akaugusisha kwenye tone lililokuwa mgongoni mwa mwenzake. Akanywa. Mwenzake akatetemeka. Tukaona mwingine, na mwingine, na donge zima likaanza kusogea polepole kama sufuria inayokaribia kuchemka. Wengi walibaki kimya, wakadondoka chini. Lakini waliokunywa waligeuka wakawapa walio chini yao, mdomo kwa mdomo, na sauti ikaanza, ndogo, imekatikakatika.

"Aki," Mutua alisema.

Tulitandaza gazeti juu ya fremu, nikatia sukari, nikailowesha, tukafunika. Wa bluu ulikuwa na nyuki wengi wazima waliotukasirikia, mmoja akamuuma Mutua kwenye kifundo cha mkono juu ya glavu. Akaruka mateke uwanjani na shuka lake. Nilimwambia huyo ni mwenye afya, mshukuru. Hata wao chakula chao kilikuwa kimebaki kona moja tu, upana wa kiganja. Tukawapa.

Mweupe tuliuinulia kifuniko, tukatazama, tukakirudisha. Hamkuwa na wa kumpulizia.

Mutua alikwenda kazini kwa kuchelewa, mkono umevimba. Mimi nilikaa kwenye kiti cha Mzee Lazare mpaka kivuli cha nyumba kikafika. Kesho yake asubuhi, saa nne na jua, nyuki wachache walikuwa wanatoka kwenye mzinga wa kijani. Hawakwenda mbali. Walizunguka mbele ya mlango wao, wakarudi. Nikampigia Mélanie, naye akampa baba yake simu.

"Wa kijani wanatoka," nilimwambia. "Wachache, lakini wanatoka. Wa bluu wamemuuma Mutua."

"Vizuri. Vizuri sana." Nilimsikia akipumua. "Na nyeupe?"

"Wamekufa wote, Mzee. Pole."

 Nilisikia vyombo vya chai vikipita kwenye korido kule alikokuwa.

"Vichwa vilikuwa ndani ya vishimo?"

"Ndiyo."

"Basi ni njaa, haikuwa ugonjwa. Hakuna kosa la mtu." Akakohoa. "Utafunga mlango wa ile nyeupe na kipande cha mbao. Hizo zingine zisiingie."

"Nitafunga. Na ndani nitasafisha, uukute uko tayari."

"Hapana. Usisafishe. Ndani usiguse."

"Mzee, ni wengi. Hutapenda kuwaona hivyo."

"Kwenye ruhusa niliyokupa naondoa ile moja," alisema. "Hiyo nyeupe nitafungua mwenyewe. Ni zangu."

Nilimwambia sawa. Mélanie alirudi kwenye simu akaniuliza sukari inawekwa mara ngapi, na kama anaweza kuja Jumamosi aonyeshwe, nikamwambia aje. Kisha nikatafuta kwenye rundo la kuni za Mzee Lazare kipande cha mbao kinachotosha, nikakichonga kwa kisu cha jikoni mpaka kikakaa vizuri mlangoni mwa mzinga mweupe, nikakigonga kwa jiwe taratibu. Halafu nikaenda kuchemsha maji kwa ajili ya ile miwili.